Laki nane kwa "haki zote": nisaini au nisisaini?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 29, naishi Tabata Segerea. Kwa miaka mitatu naandika hadithi ndefu na kuziuza kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Msomaji analipa 2,000 kwa M-Pesa, namwingiza kundini. Moja imependwa sana, wameshalipia watu zaidi ya 600. Mwezi uliopita mchapishaji mmoja wa hapa mjini alinitafuta akasema anataka kuitoa kitabu. Amenipa mkataba wa kurasa nne, wa Kiingereza. Nilichoambulia ni kwamba nitalipwa laki nane mara moja na haki zote zinakuwa zake. Anataka nisaini Ijumaa. Halafu kuna kijana mwenye chaneli ya simulizi YouTube, ameisoma hadithi hiyo yote kwa sauti bila kuniuliza. Mchapishaji anasema nisihangaike, nikisaini yeye ndiye atamshughulikia. Hadithi sijaisajili popote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kunitumia picha za mkataba wenyewe, maana watu wengi huniletea maneno tu: "kasema hivi, kaahidi vile." Nimeusoma wote mara mbili, na ukurasa wa tatu mara nne. Ijumaa usisaini. Sisemi mchapishaji huyo ni tapeli. Nina hakika karatasi hiyo anampa kila mwandishi anayeingia ofisini kwake, na wengi wanasaini wakasahau hata nakala yao mezani.

Kwanza nikutoe hofu ya usajili, kwa sababu naona ndiyo inayokufanya ujione huna pa kusimamia. Hadithi ni yako tangu siku ulipoiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haimdai mwandishi asajili kazi ndipo aimiliki. Kusajili COSOTA, taasisi ya serikali inayoshughulikia hakimiliki, ni jambo zuri, na nakushauri ulifanye, lakini kazi yake ni kukurahisishia ushahidi siku ya ubishi. Na ushahidi unao tele. Kuna faili la kwanza kwenye simu au kompyuta yako, tarehe za kila sehemu uliyorusha kundini, meseji 600 za M-Pesa, wasomaji waliokuwa wakikulalamikia "dada mbona leo umechelewa". Tangu ipite Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, vitu hivyo vinapokelewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo usibadilishe simu kabla hujahifadhi mazungumzo hayo mahali pengine. Nasema hivi kwa sababu nimeshaletewa mgogoro ambao ushahidi wake wote ulikuwa kwenye simu iliyoibwa daladala ya Gongo la Mboto.

Sasa ukurasa wa tatu, ibara ya sita. Nakutafsiria kama ilivyo: "Mwandishi anahamishia kwa Mchapishaji, moja kwa moja na kwa muda wote wa hakimiliki, haki zote za kazi hii, katika namna zote zilizopo sasa na zitakazobuniwa baadaye, duniani kote." Ni sentensi moja, na mkataba wenyewe ndio huo. Kurasa nyingine tatu ni mapambo yake.

Anza na "muda wote wa hakimiliki". Kwa sheria yetu, hakimiliki ya kitabu inadumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukijaaliwa kufika miaka 75, kazi itakuwa ya mchapishaji miaka 46 ukiwa hai, na 50 mingine ukiwa umelala kaburini. Jumla 96. Laki nane ukiigawa kwa miaka hiyo unapata kama 8,300 kwa mwaka. Nauli ya bodaboda siku mbili tatu.

"Namna zote" ndiyo inayowachanganya waandishi wengi, kwa sababu kichwani wanawaza kitabu tu. Hebu fikiria mnazi. Kuna anayetaka madafu, kuna anayetaka nazi za kupikia, makuti ya kuezekea, chelewa za ufagio. Na kuna mgema, huyo hata nazi hazitaki. Anakukodi mti, anapanda, anagema tembo lake, anakulipa, msimu ukiisha anashuka na kibuyu chake na mnazi umebaki uani kwako. Hadithi yako ni hivyohivyo. Kuna kitabu cha karatasi, kuna kusomwa kwenye simu, kuna sauti, filamu, tamthilia ya televisheni, mchezo wa redio, kutafsiriwa Kiingereza au Kifaransa, kutolewa kwa mfululizo gazetini. Kila moja ni haki inayosimama peke yake na inaweza kuwa na mteja wake. Huyu bwana anajua kufanya moja: kuchapa karatasi. Nilimuuliza mwenzangu mmoja anayefahamiana na kazi zake kama amewahi kutoa hata kitabu kimoja cha sauti. Hajawahi. Sasa hizo nyingine anazitaka za nini?

Anazitaka kwa sababu ni bure. Ni hilo tu, wala hana njama. Mtu akiweza kuchukua shamba zima kwa bei ya kikapu cha madafu, atachukua.

Kwa hiyo mwambie unamkodisha, humuuzii. Kisheria, kumkodisha ni kumpa leseni, na kumuuzia ni kumhamishia haki. Kwenye leseni mnaandika mambo matatu: haki gani hasa, eneo gani, na kwa muda gani. Kwako wewe iwe kitabu cha karatasi kwa Kiswahili, Afrika Mashariki, miaka mitano. Ibara ya mwisho iseme wazi kwamba haki yoyote isiyotajwa inabaki kwa mwandishi. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache hata ukichoka.

Nije kwenye pesa, na hapa pengine nitakushangaza: laki nane si matusi. Soko letu la vitabu ni gumu, na nakala 1,000 za riwaya zinaweza kukaa ghalani mwaka na zaidi. Mchapishaji anabeba gharama ya uhariri, jalada, mtambo na karatasi, na yeye ndiye anayezunguka kudai pesa kwenye maduka. Kiasi hicho hakinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba baada yake hupati kitu tena milele.

Piga hesabu nami. Tuseme kitabu kitauzwa 15,000. Ukipewa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya jalada, ni 1,500 kwa nakala. Laki nane inarudi zikiuzwa nakala 534. Kuanzia ya 535 ni pesa mpya kwako. Lakini angalia ujanja ulioko kwenye mikataba mingi: asilimia 10 "ya mapato halisi". Mapato halisi ni kile mchapishaji anachopokea baada ya kumpunguzia mwenye duka. Akimpunguzia asilimia 35, kitabu cha 15,000 kinamwingizia 9,750, na asilimia 10 yako inakuwa 975. Neno ni lilelile "asilimia 10", lakini kwa nakala 1,000 umepoteza 525,000. Kama hakubali kabisa bei ya jalada, basi "mapato halisi" yaandikiwe maana yake mkatabani, na ieleweke kwamba gharama za uchapaji, usafirishaji na matangazo hazikatwi kabla ya fungu lako. Nimeona mkataba ambao baada ya makato hayo yote mwandishi alionekana kuwa anadaiwa.

Ushauri wangu: laki nane ile ile ipokee, ila iitwe malipo ya awali ya mrabaha, isiyorudishwa hata kitabu kisipouzika. Yeye hatoi hata senti zaidi leo. Wewe unapata pesa yako leo, na kitabu kikienda vizuri unaendelea kula. Ndiyo maana siamini mchapishaji mwenye akili atagoma hapo. Dai pia taarifa ya mauzo mara mbili kwa mwaka, kwa maandishi, ionyeshe zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki, pamoja na haki ya kukagua vitabu vyake vya hesabu ukitilia shaka. Mrabaha unakatwa kodi ya zuio asilimia 15, kwa hiyo usishtuke ukiona pungufu. Wewe mdai cheti cha kodi hiyo, ili siku TRA wakikuuliza uwe na cha kuonyesha.

Kuna kitu naona hujakiona. Watu 600 kwa 2,000 ni 1,200,000. WhatsApp imeshakulipa kuliko anavyotaka kukulipa yeye, na kundi bado linaingiza watu. Kwa ibara ya sita ilivyo, ukisaini Ijumaa, Jumamosi ukimwingiza msomaji mmoja mpya kundini umevunja mkataba wako mwenyewe. Umeuza kwa mtu kitu kisicho chako.

Nikusimulie lililonipata miaka ya mwanzo ya uwakili wangu. Alikuja mzee mmoja, mtunzi wa zamani, amevaa kanzu safi, mkononi bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Hadithi yake ilikuwa imefanywa tamthilia na hakuambiwa. Nikamuuliza kama ana mkataba. Akasema hajawahi kusaini mkataba maishani mwake. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu, nakala ya stakabadhi, ile ya buluu ya kaboni, herufi zimefifia mpaka nikaisogeza dirishani. Juu, jina lake. Chini, kiasi, pesa ya kununulia baiskeli enzi hizo. Katikati, kwa mwandiko wa karani: "kwa ajili ya mswada na haki zake zote." Chini kabisa saini yake, nzuri, ya mwalimu wa shule. "Hii ni risiti, mwanangu," akaniambia, "si mkataba." Nilikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu. Sheria inataka uhamishaji wa haki uwe kwa maandishi yenye saini. Haitaki uandikwe neno "mkataba" juu yake. Niliandikiana barua na upande wa pili kwa miezi. Fedha hatukupata. Tulichopata ni jina lake kurudishwa mwanzoni mwa tamthilia, kwa sababu haki ya kutajwa kuwa mtunzi, pamoja na haki ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima, ni haki za kimaadili. Hizo zinabaki kwako hata kama za kiuchumi umeshaziuza. Mzee alifurahi kuliko nilivyotegemea. Mimi sikufurahi.

Ndiyo maana nakwambia hata mchapishaji akikutumia "kianzio kidogo" kwa simu halafu akakuletea karatasi ya kuonyesha umepokea, usome maneno ya katikati.

Huyu kijana wa YouTube sasa. Amekosea, na kumtaja mtunzi mwanzoni mwa simulizi, kama anavyofanya, si ruhusa. Lakini elewa kwamba ndani ya sauti ile mna wenye mali wawili. Maneno ni yako. Usomaji wake, yaani ile sauti, vituo vyake, namna anavyomwigiza mama mkwe, pamoja na rekodi yenyewe, vinalindwa upande wa pili wa sheria ileile, kwenye hakishiriki. Hawezi kuirusha bila wewe. Na wewe huwezi kuipakua ukaiuza kwenye kundi lako bila yeye. Hili linakupa nafasi kuliko unavyodhani. Ana wasikilizaji, wewe una hadithi.

Fanya hivi. Leo, kabla hajashtuka, piga picha za skrini za kila sehemu: jina la chaneli, tarehe, idadi ya waliotazama, anuani ya video. Kisha mwandikie kwa ustaarabu, umpe siku saba achague kati ya kuziondoa na kukaa chini mgawane mapato kwa maandishi, zilizopita na zijazo. Asipojibu, jaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ndani ya YouTube yenyewe. Utaratibu huo umejengwa juu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Onyo tatu ndani ya siku 90 na chaneli nzima inaweza kufungwa, na watu wa simulizi wanalijua hilo vizuri. Ila na wewe uwe mkweli, kwani unathibitisha kisheria kwamba mali ni yako. Yeye akipinga rasmi, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua shauri, la sivyo video zinaweza kurudishwa. Ndiyo maana nataka umwandikie kwanza.

Na mchapishaji aliposema "nitamshughulikia", alikuwa akisema kweli. Ukishamhamishia haki zote, mwenye kudai ni yeye. Anaweza kumwita kijana ofisini, wakakubaliana mgawo wa mapato ya YouTube, wakapeana mikono, na wewe usiwe na pa kuuliza.

Mengine nitapita haraka. Ibara ya nne haisemi kitabu kitoke lini. Aandike ndani ya miezi 18 tangu apokee mswada kamili, na akishindwa haki zirudi kwako na malipo ya awali yabaki kwako. Miswada mingi ya nchi hii inafia kabatini, si kwa wasomaji. Andikeni pia kwamba kitabu kikikosekana madukani miezi 12 na asikichape upya baada ya kumwandikia, leseni imekufa. Ibara ya nane inakufunga umpelekee kwanza vitabu vyako vyote vijavyo. Ifutwe, au iwe kitabu kimoja kinachofuata na awe na siku 60 tu za kujibu.

Ibara ya tisa inahitaji uangalifu. Unathibitisha kwamba kazi ni yako mwenyewe, haimkashifu mtu, na mtu akishtaki wewe ndiye utakayemfidia mchapishaji. Ibara ya namna hii ni ya kawaida. Tatizo ni lile tangazo lako kundini: "KISA CHA KWELI, kilitokea hapahapa Segerea." Najua linauza. Lakini ukiwa na fundi cherehani mwenye duka la kona anayetambulika na mtaa mzima, na kitabuni umemfanya mchawi na mzinzi, huwezi kusema ni mtu wa kubuni tu. Badilisha kazi yake, badilisha mtaa, na uifute hiyo sentensi. Pia ile mistari ya taarabu uliyofungulia kila sura ina watunzi wake. Ama uombe ruhusa, ama utunge yako. Nimesoma sehemu ya kumi na naamini utaweza.

Kuhusu Kiingereza, huna sababu ya kusaini usichokisoma. Tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na mkataba wa Kiswahili hauna upungufu wowote. Kama anataka lugha zote mbili, iandikwe ni ipi itakayofuatwa zikipingana, na iwe Kiswahili. Siku ya kusaini mwe na nakala mbili halisi, kila ukurasa uwekwe saini fupi ya kila upande, awepo shahidi wako, na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa una usumbufu mkubwa ukitaka kuutoa mahakamani. Nakala yako iondoke nawe mkononi saa ileile. Usikubali "njoo uichukue wiki ijayo".

Usimpigie simu kumjibu. Kwenye simu utaonewa haya. Mwandikie hivi, ukibadilisha utakavyo:

"Habari za leo, kaka. Nimeusoma mkataba, nashukuru sana kwa kuipenda kazi yangu. Niko tayari kukupa leseni ya kuchapa kitabu cha karatasi, kwa Kiswahili, Afrika Mashariki, kwa miaka mitano. Laki nane naipokea kama malipo ya awali ya mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada. Sauti, filamu, tafsiri na usomaji wa kwenye simu vinabaki kwangu. Tukivihitaji tutaviandikia mkataba wake. Naomba rasimu mpya ya Kiswahili niipitie na wakili. Ijumaa haitawezekana."

Akisema asilimia 10 hawezi, labda nane, msikilize. Akisema miaka mitano michache, iwe saba, msikilize. Akisema ibara ya sita haiguswi, mshukuru, mrudishie karatasi zake, na jioni hiyo warushie wasomaji wako sehemu mpya kundini.